Mguu wa Kulia wa Mgombea

Kamati ya Kampeni ya mgombea udiwani inapenda kuuarifu umma kwamba, kuanzia siku ya tangazo hili, mguu wa kulia wa mgombea hautaonekana tena katika video zozote zitakazowekwa kwenye kurasa zake za mtandaoni. Mguu huo ni mzima, uko mahali pake, na unaendelea na shughuli zake za kawaida. Wananchi wanaombwa kuelekeza macho yao usoni mwa mgombea, ambako ndiko sera zinakotokea.

Tangazo hilo nililiandika mimi, katibu wa kamati. Kazi yangu ya kila siku ni ukutubi katika maktaba ya shule, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba hakuna jambo lisiloweza kuandikwa kwa heshima. Nililisoma kwa sauti mbele ya wajumbe, wakaridhika. Mgombea mwenyewe alikuwa amekaa pembeni, kimya, na nilipofika kwenye maneno "shughuli zake za kawaida" alikanyaga breki.

Mgombea huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Hufundisha watu kuendesha magari, na mtaa mzima unamwita Breki. Gari la kufundishia lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, ambayo haikanyagwi inapohitajika, na moja ya mwalimu, iliyo mbele ya kiti cha abiria, ambayo hukanyagwa wakati wote. Mtu akikaa katika kiti hicho sehemu kubwa ya maisha yake, akiendeshwa na watu wasiojua kuendesha, mguu wake wa kulia huota akili zake wenyewe na kuacha kungoja amri ya kichwa. Shemeji hukanyaga kila anapohisi hatari, awe garini au asiwe. Hukanyaga sebuleni mpira unapokaribia goli la timu yake. Alikanyaga siku ya harusi yake, pale msemaji wa upande wetu alipomtaja bibi harusi kuwa ni binti mpole. Dada yangu aliuona mguu, na anasema ndoa yake ilianza hapo.

Aligombea kwa sababu ya tuta.

Barabara kuu inapita kati ya nyumba yao na kibanda cha ushonaji cha dada yangu. Ni barabara nzuri, pana, iliyonyooka, na madereva huishukuru kwa kukimbia. Asubuhi moja, dada akivuka kwenda kazini, gari lilimgonga. Dereva hakuwa mwanafunzi wa shemeji. Jambo hilo shemeji alilithibitisha kabla ya kumwuliza daktari hali ya mgonjwa, na dada hajamsamehe bado. Tangu hapo dada anatembea kwa gongo, na cherehani yake, ambayo ni ya kukanyaga kwa miguu, anaiendesha kwa mguu mmoja. Asubuhi mumewe humvusha. Jioni mumewe yuko mbali na wanafunzi wake, hivyo dada husimama ukingoni na kungoja magari yamwachie nafasi, kama mtu mwenye sauti ndogo anavyongoja zamu ya kusema katika ukoo wa wapayukaji. Mara nyingine giza humkuta palepale, akarudi kibandani na kukaa.

Tuta moja tu la kupunguza mwendo wa magari, mbele ya kibanda, lingemaliza habari hiyo. Diwani aliyekuwepo, ambaye nitamwita Mheshimiwa kwa kuwa hakuitikia jina jingine, aliombwa tuta akaahidi tuta. Aliahidi kwa moyo mweupe, mkono kifuani, na kila alipokumbushwa aliahidi upya bila kupunguza chochote. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mheshimiwa alikuwa miongoni mwa wadaiwa wachangamfu zaidi niliopata kuwaona.

Basi mchana mmoja, baada ya kula, shemeji akatamka mezani kwamba atagombea yeye. Sote tuliinama kutazama chini ya meza. Mguu ulikuwa umetulia. Hilo lilitutisha.

Kamati ilikuwa ndogo. Mwenyekiti alikuwa muuza vipuri mwenye sauti kubwa, ambaye duka lake limeishi kwa miaka mingi kutokana na makosa ya wanafunzi wa shemeji. Mimi nilikuwa katibu. Mpiga picha alikuwa mpwa wangu, binti wa mgombea, aliyeajiriwa katika studio moja ya video za harusi. Kazi yake huko ni kuondoa kwenye harusi yale yote yaliyotokea harusini. Gari la vipaza sauti hatukuwa nalo. Mpwa wangu akasema halihitajiki, kwa sababu watu hawako tena viwanjani, wako kwenye simu. Atatengeneza video fupi, za wima, za kutazamwa na mtu anayengoja chai ichemke. Nilimweleza kwamba hoja yenye uzito haiwezi kukamilika kabla chai haijachemka.

"Basi uipunguze uzito, Mjomba," akanijibu, kwa adabu zote.

Niliandika ahadi. Niliona si vizuri mtu kuomba kura kwa tuta peke yake, kama anayekwenda sokoni kununua punje ya chumvi, kwa hiyo nikaliwekea tuta majirani: ajira kwa vijana wote, soko la kisasa lenye paa, uwanja wa michezo wenye jukwaa, mifereji kuzibuliwa kabla ya mvua, na maktaba ya kata. Hii ya mwisho niliiongeza bila kumwuliza mtu.

Video zilirekodiwa katika ofisi ya shule ya udereva. Shemeji alikaa kwenye kiti cha plastiki, nyuma yake kukiwa na ubao wa alama za barabarani. Ofisi ni nyembamba. Mpwa wangu alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kabati, na simu aliyoisimamisha wima ikamchukua baba yake mzima, kuanzia upara hadi viatu. Hapo ndipo tulipokosea, na lilikuwa kosa la ndugu. Mtu baki angeuona mguu ule mara moja. Sisi tulikuwa tumeacha kuuona zamani, kama watu wa nyumba moja wanavyoacha kusikia saa ya ukutani.

Video ya kwanza, ya ajira, ilipata watazamaji wa kiasi, wengi wao jamaa zetu. Ya pili, ya soko, ilipata watazamaji na swali. Mtu mmoja aliandika chini yake, "Jamani, huyu mzee mbona akisema ahadi anapiga breki?" Mwingine akajibu kwamba arudie ile ya ajira, atazame chini. Wa tatu akaandika kwa utulivu wa shahidi mahakamani: "Mimi alinifundisha. Huo mguu haujawahi kukosea. Uliniokoa na lori."

Baada ya hapo hakuna aliyetazama uso. Watu walirudia video zetu polepole, wakapeleka kwa jamaa, wakabishana. Timu ya Mheshimiwa, ambayo ilikuwa na vijana wengi na kompyuta nzuri, ilikusanya mikanyago yote ikaizungushia duara jekundu na kuitia ngoma, kila kishindo cha ngoma kikiangukia kishindo cha kiatu. Nalazimika kusema kwamba ilitengenezwa kwa ustadi. Ilitazamwa na watu wengi kuliko wanaoishi katika kata yetu, jambo lisilo na maana yoyote kisheria lakini lililomkosesha mwenyekiti usingizi. Waliandika juu yake: Njia ya mwongo ni fupi, hata akifunga breki.

Kikao cha dharura kilifanyika sebuleni kwa shemeji. Mwenyekiti alisema kwa kirefu kwamba tumevuliwa nguo sokoni. Akapendekeza mgombea arekodiwe kuanzia kiunoni kwenda juu, kama watangazaji wa habari, ambao hakuna ajuaye miguu yao inafanya nini. Mpwa wangu hakupenda, ila hakuwa na hoja nyingine. Shemeji aliutazama mguu wake kama fundi anavyomtazama mwanagenzi aliyemwaibisha mbele ya mteja, akasema lolote tutakaloamua ni sawa. Ndipo nilipoandika tangazo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Siku mbili hazikupita watu wakauliza mguu uko wapi. Video za kiunoni zilipuuzwa. Maoni chini yake yalikuwa ya aina moja, "Shusha kamera," "Tunataka mguu," na mmoja aliyeandika kwa heshima kwamba hana ugomvi na mgombea, anaomba tu kusikia na upande wa pili. Ikazuka habari kwamba mguu umekatwa. Mama mmoja mwema kutoka mtaa wa juu alikuja na gongo jipya, zuri, lenye mpira chini, akisema lilikuwa la marehemu mumewe na halijatumika sana. Dada yangu alimshukuru, akamkaribisha chai, akamweleza ukweli, kisha wakakubaliana kwamba gongo libaki hapohapo, kwa kuwa la dada lilikuwa limeisha. Hayo ndiyo manufaa ya kwanza ya kampeni yetu, na niliyaandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Mwenyekiti alikuja na wazo jingine: kumfunga mgombea mguu kwenye kiti. Tulijaribu. Kiti kiliruka. Hapo mpwa wangu, aliyekuwa amechoka, akasema kuna njia ya studio. Angeweza kuchukua mguu uliotulia kutoka sekunde moja ya video na kuubandika chini ya mgombea anayezungumza. Katika harusi moja aliwahi kumbandika baba mzima wa bwana harusi, ambaye hakufika. Mwenyekiti alisimama akampa mkono. Mimi sikusema kitu, na kutosema kitu katika kikao ni kuunga mkono.

Aliitengeneza video ya tuta. Ilikuwa safi. Shemeji alisema tuta litajengwa mbele ya kibanda cha ushonaji, na miguu yake miwili ilikaa kama miguu ya sanamu. Kabla ya kuiweka hewani, mpwa wangu aliipeleka kibandani kwa mama yake, akaniomba niende naye. Nadhani alitaka mtu wa kulaumiwa awe karibu.

Kibanda kina upana wa mlango wa gereji. Vitambaa huning'inia pande zote, na mtu akiingia hulazimika kuomba radhi kwa nguo za watu. Dada alisimamisha cherehani, akajifuta mikono, akashika simu. Nje magari yalipita kwa kasi yao, na kila lori lilipopita mkasi uliokuwa mezani ulitetemeka. Aliitazama video mpaka mwisho.

"Cheza tena," akasema.

Ikachezwa tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni baba, mama."

"Baba yako namjua. Huyu ni suti yake."

Mpwa wangu alianza kueleza kuhusu watazamaji, na kura, na timu ya Mheshimiwa, na kwamba hata tuta lenyewe ni kwa ajili yake, mama. Dada alimwacha amalize. Kisha akamrudishia simu, taratibu, kama anayerudisha nguo iliyokatwa vibaya.

"Mwanangu, tangu nimeolewa, mtu huyu akitaka kunidanganya najua kabla hajafunga mdomo. Mashoga zangu wanapekua mifuko, wananusa mashati, wanauliza majirani. Mimi natazama chini tu, nimemaliza. Hujui hiyo ni neema gani. Sasa unataka kuninyang'anya ili nivuke barabara?"

Lori jingine likapita.

"Na wewe, Kaka," akaniambia, "na vitabu vyako vyote."

Mpwa wangu alifuta video palepale, mbele yetu, akabaki ameinamia simu. Kisha akauliza kama mama yake angekubali kukaa kwenye lile gari la kufundishia. Dada hajawahi kukubali kufundishwa udereva na mumewe. Husema ndoa moja inatosha. Lakini mpwa wangu alipomweleza alichotaka kufanya, dada alifikiri, akakata uzi uliokuwa ukingoni mwa kitambaa, akasema jioni ya kesho ana nafasi.

Nitaeleza jinsi ilivyopangwa, kwa kuwa wengi waliitazama na wachache walielewa. Gari la shule liliegeshwa uani, injini imezimwa. Shemeji alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, cha abiria, mlango wazi, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya breki ya kweli. Breki hiyo imeunganishwa na ya dereva, na ikikanyagwa, taa nyekundu za nyuma huwaka. Dada alikaa kwenye usukani akiwa na karatasi yangu ya ahadi. Mpwa wangu alisimama nyuma kidogo ya gari, upande wa mlango uliofunguliwa, ili simu ione mambo mawili kwa pamoja: mtu anayesema, na taa. Video ilikwenda mubashara, bila kukatwa na bila kubandikwa. Aliwaambia watazamaji maneno machache: kwamba walitaka mguu, na sasa wamepewa na taa zake, kwamba mama atasoma kila ahadi na baba ataitamka, na kwamba ahadi itakayowasha taa itafutwa, haitaombewa kura. Mwenyekiti alikuwa amejiuzulu mchana wa siku ile. Jioni alikuja kutazama.

Dada alisoma ahadi ya ajira kwa vijana wote. Shemeji akaitamka. Taa zikawaka. Dada akaipiga mstari kwa kalamu ya kuchorea vitambaa.

Alisoma soko. Taa zikawaka. Alisoma uwanja wenye jukwaa, na taa ziliwaka kabla shemeji hajafika kwenye jukwaa. Aliposoma maktaba ziliwaka, zikazimika, zikawaka tena, mara ya pili, nadhani, kwa ajili ya msisitizo. Niliichukulia kwa utulivu. Mtu aliyetumia maisha yake kusoma hotuba za wakubwa wa zamani, zilizojaa mito itakayogeuzwa na jangwa litakalochanua, hapaswi kushangaa akipewa, angalau mara moja, hotuba yenye maelezo pembeni.

Alisoma mifereji kuzibuliwa kabla ya mvua. Shemeji akasema mifereji itazibuliwa kabla ya mvua. Nyuma ya gari kulibaki giza. Mwenyekiti, aliyekuwa amejiuzulu, alinong'ona kwamba ni kweli, mifereji inahitaji majembe tu na watu, na watu wapo.

Ikabaki moja. Dada hakuisoma kwenye karatasi.

"Tuta," akasema.

"Tuta litajengwa mbele ya kibanda," shemeji akasema.

Taa zikawaka.

Sikuwahi kujua kwamba taa ndogo namna ile zinaweza kufanya ua mzima kuwa mwekundu. Mpwa wangu hakusogeza simu, ingawa mkono wake ulitaka. Dada aliitazama karatasi, kisha akamtazama mumewe, si chini, usoni.

"Hata hili?"

"Sina tuta mfukoni, mke wangu," akasema. Mguu bado ulikuwa umekandamiza. "Tuta liko kwa watu wengi, na wengine siwajui. Nikikwambia litajengwa, nitakuwa sawa na yule."

"Basi una nini?"

Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa gizani mahali anapojua aliweka kiberiti.

"Nina mdomo. Nitaliomba kila kikao, mpaka wakiniona mlangoni waandike neno tuta wenyewe."

Taa zikazimika.

"Na jioni?" dada akauliza. "Wewe utakuwa kwenye hivyo vikao. Jioni nani atanivusha?"

Hili halikuwa kwenye karatasi yangu. Ninaamini pia kwamba kwa wakati ule yeye alikuwa amesahau simu.

"Siku za kikao sijui," shemeji akasema. "Siku nyingine zote nitafunga shule mapema nije mwenyewe."

Tulingoja. Nyuma ya gari kulibaki giza, na giza hilo lilikuwa zuri. Dada alikunja karatasi akaiweka kwenye droo ya gari, akasema, "Haya, Bwana Breki, hilo nimeliamini," na mpwa wangu akakata matangazo.

Ushindi wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana ulikuwa mwembamba. Shemeji alimpita Mheshimiwa kwa kura chache, ambazo kwa mujibu wa sheria zina uzito uleule wa kura nyingi. Mheshimiwa alipiga simu kumpongeza, akaahidi ushirikiano wake wote. Mkono, bila shaka, ulikuwa kifuani. Vijana wake walitia ngoma kwenye video ya uani pia, lakini safari hii watu waliicheza kwa kumshangilia mgombea wetu. Nimesoma mengi juu ya namna picha inavyomdanganya mtazamaji, na sijaona sababu ya kukana niliyoyasoma. Naongeza tu kwamba, mara moja, nimeona picha ikimkatalia msemaji.

Maneno ambayo watu waliandika chini ya video ile niliyanakili, kwa tabia ya kazi. Mengi yalikuwa shukrani, na nyingi hazikuelekezwa kwa shemeji. "Asante mguu." "Mguu, Mungu akuweke." Mwanamke mmoja aliandika kwamba ameitazama pamoja na mumewe, kisha akamwomba mumewe akae kwenye kiti cha plastiki. Yule mwanafunzi wa zamani aliyenusurika na lori aliandika tena: kwamba yeye sasa ni dereva wa lori, hupita barabara ile kila siku, na hakujua kwamba yule mama mwenye gongo ni mke wa Mwalimu.

Mifereji ilizibuliwa kabla ya mvua. Shemeji mwenyewe alishika jembe, na mpwa wangu alirekodi, safari hii akaanzia viatuni kwenda juu.

Jioni ambazo hana kikao, hufunga shule mapema na kwenda kibandani, kama alivyosema. Siku za kikao ndizo zilizotutia wasiwasi. Jioni ya kikao cha kwanza nilikwenda mimi, nikiwa na kitabu, endapo ningelazimika kungoja. Dada alifunga kibanda, akashika gongo lake lenye mpira chini, akasimama ukingoni. Gari dogo lilikuja kwa kasi, likapunguza, likasimama. Nyuma yake kulikuwa na lori. Nalo likasimama, na taa zake nyekundu zikawaka ukutani mwa duka la ng'ambo. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani.

"Pita, Mama. Tumefunga breki."

Dada alivuka bila haraka. Alipofika upande wa pili aligeuka akainua gongo kidogo, kama mtu anayesalimia mkutano. Baadaye aliniambia kwamba si wote husimama. Wako wasiotazama video, na wako waliozitazama na hazikuwafaa kitu. Kwa ajili ya hao bado hungoja, na siku moja moja hurudi kibandani kukaa. Lakini wanaosimama wapo, wengine walifundishwa na mumewe, wengine walimwona tu kwenye simu wakingoja chai, na yeye huwashukuru mmoja mmoja kwa gongo. Asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa, aliniambia, na akaniuliza kama na mimi nimeshawahi kumshukuru mtu yeyote kwa jambo lolote. Nilimjibu kwamba nashukuru kwa kuulizwa. Akatazama viatu vyangu, kwa mazoea, kisha akaachana nami.

Kwa hiyo naandika hapa, nikiwa bado katibu wa kamati isiyo na kazi tena: namshukuru mpwa wangu kwa kufuta video, dada yangu kwa kuitazama mara mbili, mama wa mtaa wa juu kwa gongo, dereva wa lori kwa jioni ile, na mguu wa kulia wa shemeji yangu kwa kuikataa maktaba yangu mbele ya watu wote. Tangazo langu nimelitengua kwa maandishi.

Shemeji aliomba tuta kikao cha kwanza, cha pili, na kila kikao kilichofuata. Inasemekana sasa akiingia ukumbini karani huandika neno hilo kabla hajaketi. Vikao vya halmashauri navyo hurushwa mtandaoni, vikiwa na watazamaji wachache na sauti hafifu; lakini katika rekodi ya kikao cha mwisho, mwenyekiti wa halmashauri anapomaliza kusoma uamuzi, husikika chini ya meza, wazi kabisa, kishindo cha kiatu kimoja. Uamuzi wenyewe ni huu:

Halmashauri, baada ya kulijadili kwa kina ombi la diwani kuhusu tuta la barabara kuu, imeliona ombi hilo kuwa na msingi na inampongeza diwani kwa uvumilivu wake. Imeamuliwa kwamba, kwa usalama wa watumiaji wa barabara, tuta lisijengwe kabla ya kuwekwa kibao cha kuwatahadharisha madereva kuwa kuna tuta mbele. Kwamba kibao hicho, ambacho tayari kimeshachorwa, kitunzwe ghalani hadi itakapopatikana nguzo. Na kwamba suala la nguzo lipelekwe kwenye kamati husika, itakapoundwa.